Kwa nini ligi ya kikapu ya Japani inafuta kushuka daraja?

Swali la msomaji: "Nimeanza kufuatilia B.League ya Japani. Naambiwa kuanzia msimu wa 2026–27 timu inayoburuza mkia haitashuka daraja, na bingwa wa daraja la pili hatapanda kwa ubingwa wake. Tena nasoma kwamba si zamani sana nchi hiyo ilikuwa na ligi mbili zinazovutana, mpaka FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ikaifungia. Walitokaje kule mpaka hapa? Na kwa nini wafute kitu ambacho mashabiki wanakipenda?"

Wanafuta kushuka daraja ili mtu akubali kujenga ukumbi. Ukielewa hilo, mengine yanafunguka yenyewe, lakini inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu kila mfumo wa kikapu uliowahi kuwapo Japani ulitokana na maswali mawili: gharama analipa nani, na timu inacheza ndani ya jengo la nani?

Kwa miongo kadhaa aliyelipa alikuwa kampuni. Ligi ya taifa ilianza mwaka 1967, na timu zake, kwa nyakati tofauti, zilikuwa Isuzu, Toshiba, Matsushita, Mitsubishi Electric, Toyota, Aisin na wengine wa aina hiyo. Mchezaji alikuwa mwajiriwa. Aliandikishwa kazini kama wenzake, akafanya mazoezi baada ya saa za ofisi au badala yake, na siku akitundika viatu alirudi kwenye meza yake na kuendelea kupanda cheo. Jukwaani walijaa wafanyakazi waliokuja kumshangilia mwenzao. Kiingilio hakikuwa na uzito wowote kwenye hesabu, maana timu ilihesabiwa pamoja na gharama za kujenga ari ya wafanyakazi na kulitangaza jina la kampuni.

Mfumo huu ulikuwa na faida yake, na wanaoudharau leo wanasahau kwamba mchezaji alikuwa na maisha baada ya mpira. Kasoro ilikuwa moja, lakini ilitosha kuua. Timu ilikuwa mstari mmoja kwenye bajeti ya kampuni, na mwaka mbaya wa biashara ulitosha kuufuta mstari huo bila kujali matokeo ya uwanjani. Isuzu, mojawapo ya timu kali za wakati wake, ilivunjwa mwaka 2002. Panasonic, ndiyo Matsushita ya zamani, ilijitoa mwishoni mwa msimu wa 2012–13. Mashabiki hawakuwa na la kufanya. Timu haikuwa ya mji wowote, kwa hiyo hakukuwa na meya wala mfanyabiashara wa mtaani wa kusema "hii ni yetu, hebu tuinusuru."

Jibu la kwanza kwa kasoro hiyo lilikuja mwaka 2005. Niigata Albirex na Saitama Broncos zilijitoa kwenye ligi ya makampuni, zikaungana na Sendai 89ers, Tokyo Apache, Osaka Evessa na Oita Heat Devils, wakaanzisha bj league, ligi ya kwanza ya kikapu ya kulipwa nchini humo. Timu ilibeba jina la mji wake. Mapato yalitoka kwenye tiketi, wadhamini wa eneo husika na bidhaa. Mishahara iliwekewa kikomo ili klabu zisijimalize zenyewe. Osaka walichukua mataji matatu ya kwanza mfululizo, na Apache walifundishwa na Joe Bryant, baba yake Kobe, jambo lililoipa ligi changa kichwa cha habari ambacho isingeweza kukinunua.

Shida ni kwamba walijitenga bila ridhaa ya Shirikisho la Kikapu la Japani, JBA. Mwanzoni shirikisho halikuwatambua, na wachezaji wao wakawa nje ya mlango wa timu ya taifa. Ikawa nyumba moja yenye majiko mawili. Huku kuna ligi ya makampuni yenye fedha, wachezaji bora wa Kijapani na ukumbi usio na watu. Kule kuna ligi ya miji yenye shangwe, wachezaji wa kigeni wengi zaidi uwanjani na mfuko mwembamba. bj iliongezeka mwaka hadi mwaka mpaka ikafika timu 24 katika msimu wake wa mwisho, lakini wingi huo ulificha udhaifu. Tetemeko la Machi 2011 lilipopiga, Tokyo Apache walisimamisha msimu na hawakurudi tena. Upande wa pili nako klabu zisizo na kampuni mgongoni ziliyumba: Rera Kamuy Hokkaido ilifutiwa uanachama mwaka huohuo kwa matatizo ya fedha, na nafasi yake ikachukuliwa na Levanga, klabu iliyoanzishwa na Takehiko Orimo akiwa bado anacheza.

Mwaka 2013 JBA walijaribu kuunganisha. Wakaanzisha NBL yenye timu 12, wakitarajia bj wahamie. Alihamia mmoja tu, Chiba Jets. Sababu haikuwa ukaidi peke yake. NBL iliruhusu timu kuendelea kubeba jina la kampuni na kuendeshwa kama idara ya kampuni, ilhali klabu ya bj ilikuwa imejengwa juu ya msingi kwamba wewe ni kampuni inayojitegemea na jina lako ni la mji. Sheria ya wachezaji wa kigeni uwanjani ilitofautiana, na klabu yenye kikomo cha mishahara isingeweza kuingia kichwakichwa kwenye ligi ya akina Toyota. Hakuna upande uliokuwa tayari kuvunja kwanza.

FIBA waliwapa muda wa kuunganisha ligi hizo mpaka mwishoni mwa Oktoba 2014. Muda ukapita. Tarehe 26 Novemba 2014 Japani ikafungiwa bila ukomo, kwa madai matatu: ligi za juu ziunganishwe, uongozi wa JBA usafishwe, na uwepo mpango wa kweli wa kuiimarisha timu ya taifa. Watu wengi hudhani adhabu iliwauma wanaume. Kwa kweli wanaume walikuwa hawajacheza Olimpiki tangu 1976, kwa hiyo hawakuwa na kikubwa cha kupoteza. Waliokuwa hatarini ni wanawake, waliokuwa wakisubiri kufuzu kwenda Rio, na nyuma yao ilikuwepo aibu ya nchi inayoandaa Olimpiki ya 2020 kukosa timu kwenye uwanja wake yenyewe.

Januari 2015 FIBA waliunda kikosi kazi chini ya Ingo Weiss wa Ujerumani na Saburo Kawabuchi, mwenyekiti wa kwanza wa J.League, ligi ya soka iliyoanza 1993. Kawabuchi hakuwa mtu wa kikapu, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa nguvu yake kubwa, kwani hakuwa na deni la fadhila kwa kambi yoyote. Hakuomba ligi mbili zikubaliane. Alianzisha ligi ya tatu, akaweka masharti, akazitaka klabu ziandike barua za kujitoa kule zilikokuwa. Kisheria ni ujanja safi sana. Ukiunganisha mashirika mawili, kila moja lina kura ya turufu, lakini ukifungua mlango mpya, anayebaki nje amebaki peke yake.

Katika masharti hayo lipo lile ambalo bado linaendesha mambo mpaka leo. Klabu ya daraja la kwanza ilitakiwa kuwa na ukumbi wa watu 5,000 na kuchezea humo asilimia 80 ya mechi za nyumbani. Kwa msimu wa mechi 60, za nyumbani ni 30, kwa hiyo 24 lazima ziwe ndani ya jengo moja. Kwa wengi lilionekana sharti la kichaa. Klabu zilikuwa zimezoea kuzunguka mkoa mzima, wiki hii ukumbi huu, wiki ijayo ule, kwa sababu kumbi hizo ni za serikali za mitaa na hugawiwa kwa zamu au bahati nasibu pamoja na mashindano ya shule, voliboli na mazoezi ya wananchi. Kupata wikiendi 12 ndani ya ukumbi mmoja kulimaanisha kwenda kwa meya na kurudi na ahadi. Na hilo ndilo Kawabuchi alilolitaka, kwani klabu ambayo meya wake hakubali kuipa wikiendi 12 haina mji, ina jina la mji tu. Juu ya hapo daraja la kwanza lilitaka mapato ya yeni milioni 250 kwa mwaka, klabu iwe kampuni inayojitegemea, na jina la mji au eneo liwepo.

Adhabu ililegezwa Juni 2015 na kuondolewa kabisa Agosti. Wanawake waliwahi mashindano ya Asia, wakashinda, wakaenda Rio. Klabu 45 zilipangwa: 18 daraja la kwanza, yaani B1, 18 B2 na 9 B3. Toyota Alvark ikawa Alvark Tokyo, timu ya Toshiba ikawa Kawasaki Brave Thunders, ile ya Hitachi ikawa Sunrockers Shibuya. Tarehe 22 Septemba 2016, ndani ya ukumbi wa Yoyogi jijini Tokyo, kwenye sakafu iliyotandikwa taa za LED, Alvark iliwafunga Ryukyu Golden Kings 80–75. Mshindi alitoka upande wa makampuni, mpinzani alitoka bj. Bingwa wa msimu huo alikuwa Tochigi Brex, ambayo leo inaitwa Utsunomiya Brex.

Kama unataka ushahidi kwamba mfumo ulibadilika kweli, usitazame sakafu ya taa. Tazama Kawasaki. Toshiba ilipoingia kwenye msukosuko mkubwa wa fedha, timu yake iliuzwa kwa kampuni ya intaneti ya DeNA mwaka 2018, ikabaki Kawasaki, na jina lake na mashabiki wake. Hali kama hiyo mwaka 2002 ingeishia kwenye tangazo la kuvunjwa.

Sasa tufike kwenye kushuka daraja, ambako ndiko swali lako liko. Ligi mpya ilichukua mtindo wa soka: walio mkiani wanashuka, wa juu wa B2 wanapanda. Msimu wa kwanza walishuka Akita na Sendai, zote klabu za zamani za bj zenye mashabiki wa damu. Pembeni ya hilo kulikuwa na leseni ya klabu inayokaguliwa kila mwaka: ukipata hasara miaka mitatu mfululizo, au madeni yakizidi mali, leseni inakutoka.

Hebu fikiria uko ofisini kwa klabu ya katikati ya jedwali. Ukishuka, wadhamini wanapunguza au wanaondoka, na tiketi inashuka bei. Kwa hiyo ikifika Januari na uko nafasi ya tatu kutoka mkiani, unaajiri mchezaji wa kigeni kwa pesa usiyokuwa nayo. Wenzako wanne nao wanafanya hivyohivyo, na wawili watashuka vilevile. Mishahara imepanda kwa wote, nafasi za kushuka zimebaki ni zilezile. Leseni inakukataza hasara na jedwali linakusukuma kwenye hasara. Pesa inayopotea hapo ni ile ambayo ingewaajiri watu wa mauzo ya tiketi au kocha wa vijana.

Hilo bado ni dogo. Kubwa ni ukumbi. Jengo la watu 5,000 mpaka 10,000 linalipiwa kwa miaka 30. Benki, halmashauri au mwekezaji anapokaa mezani, swali lake la kwanza ni kama mpangaji mkuu atakuwa daraja la kwanza miaka kumi ijayo. Chini ya mfumo wa zamani jibu la kweli lilikuwa "inategemea tutamaliza msimu nafasi ya ngapi." Kwa jibu hilo hakuna anayetia sahihi.

Kwa nini ukumbi wa halmashauri hautoshi? Umejengwa kwa ajili ya kucheza, si kwa ajili ya kutazama. Mahali pengi huruhusiwi kuuza chakula, viti vya sakafuni unaleta mwenyewe, skrini unakodi, na Jumapili usiku unabomoa kila kitu. Kwa kawaida ligi hii imekuwa ikicheza Jumamosi na Jumapili dhidi ya mpinzani yuleyule katika ukumbi uleule, utaratibu unaopunguza nauli za mgeni na pia kazi ya kufunga na kufungua vifaa. Hata hivyo kila wikiendi ya nyumbani unalipia siku ya maandalizi isiyoingiza hata yeni moja. Vyumba vya wageni maalumu, ambavyo kampuni hulipia kwa msimu mzima, havipo kabisa.

Ndipo tunafika kwenye B.Premier. Chini ya mwenyekiti Shinji Shimada, aliyekuwa rais wa Chiba Jets kabla ya kushika ligi mwaka 2020, madaraja yanapangwa upya kuanzia 2026–27: B.Premier juu, kisha B.One, kisha B.Next. Kipimo cha kuingia juu si ushindi. Kiliwekwa hivi: wastani wa watazamaji 4,000 kwa mechi, mapato ya yeni bilioni 1.2 kwa mwaka, na ukumbi wenye vigezo, vikiwemo vyumba maalumu na kumbi za mapumziko. Kwa B.One ni watazamaji 2,400 na yeni milioni 400.

Chukua kalamu uone bilioni 1.2 ina maana gani. Gawanya kwa mechi 30 za nyumbani: yeni milioni 40 kila mechi. Tuseme watu 4,000 wamelipa wastani wa yeni 4,000. Hiyo ni milioni 16. Zilizobaki milioni 24 zitoke kwa wadhamini, chakula, jezi na vyumba maalumu. Ukiwa kwenye ukumbi wa halmashauri ambako chakula huuzi na vyumba huna, mzigo wote unaangukia wadhamini, na unarudi kulekule kwa kampuni moja kubwa inayokubeba. Kwa hiyo kiasi hicho hakikuokotwa hewani. Kimewekwa mahali ambapo ni vigumu sana kukifikia bila jengo la maana.

Mishahara nayo imefungwa pande zote mbili: isizidi yeni milioni 800 wala isipungue milioni 500, na nyota mmoja anahesabiwa kama milioni 150 hata kama analipwa zaidi. Sakafu, yaani kiwango cha chini, ni muhimu sawa na dari. Ukiondoa kushuka daraja bila kuweka sakafu, mwenye klabu mchoyo anaweza kukaa mkiani kwa raha akila mgawo wa ligi. Drafti, yaani utaratibu wa klabu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, nayo imeingizwa kwa sababu hiyohiyo, ili wahitimu wa vyuo wasiende wote kwa matajiri. Mchezaji hapati hasara yote: mwaka 2019 Yuki Togashi wa Chiba alipokuwa Mjapani wa kwanza wa ligi hii kutangazwa kulipwa yeni milioni 100, ilikuwa habari ya taifa, na dari ya leo inaruhusu wenzake kadhaa wafike hapo.

Je, dawa imefanya kazi? Kwa majengo, ndiyo, na haraka kuliko nilivyotegemea. Okinawa Arena ilifunguliwa 2021 na miaka miwili baadaye ikapokea Kombe la Dunia, ambako Japani iliifunga Finland 98–88 na ikaishia kupata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Ukaja ukumbi wa Ota na wa Saga mwaka 2023, wa Chiba Jets na wa Nagasaki 2024, kisha Kobe, Nagoya na Toyota Arena Tokyo 2025. Angalia nani anajenga: ule wa Chiba ni wa Mitsui Fudosan, kampuni ya majengo, pamoja na MIXI, kampuni ya intaneti inayoimiliki klabu. Anayemiliki timu na jengo kwa pamoja hupata kodi ya matamasha siku ambazo hakuna kikapu, na siku hizo ndizo nyingi. Oktoba 2024 klabu 18 zilipitishwa kuingia B.Premier kwa mkupuo wa kwanza. Hadi mwisho wa Desemba zikafika 26.

Lakini nisikufiche gharama. Hiroshima Dragonflies waliwekwa B2 mwaka 2016, wakapanda 2020, na mwaka 2024 wakawa mabingwa wa nchi wakiingia mtoano kwa nafasi ya nyongeza. Nagasaki Velca ilianza B3 mwaka 2021 na ikafika B1 mwaka 2023. Safari ya Hiroshima isingewezekana kwa ushindi peke yake chini ya sheria mpya. Safari ya Nagasaki ingewezekana, kwa sababu nyuma yake kuna Japanet, kampuni inayoimiliki, na jengo lake. Mji mdogo wenye kocha hodari na ukumbi wa halmashauri wa viti 3,000 unaambiwa kwamba kazi nzuri ya uwanjani haitoshi. Mimi naona hoja ya ligi ina uzito zaidi, ila anayesema kuna kitu kimeporwa hajakosea.

Pia usichukulie kwamba mlango umefungwa kwa kufuli kama wa NBA. Klabu ya B.One ikifikisha vigezo inaweza kuomba kuingia. Kwa hiyo ukitaka kujua nani "anapanda," utaacha jedwali la pointi na kufuata vitu vitatu: wastani wa watazamaji ambao ligi huutangaza, hesabu za mwaka za klabu, ambazo ligi huzichapisha kwa kila klabu, na habari za halmashauri, hasa siku baraza la mji linapopigia kura kiwanja cha ukumbi. Kura hiyo hupita miaka kadhaa kabla timu haijaonekana juu, na huwa haitangazwi kwenye kurasa za michezo.